Unakaa Sensei

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua ukumbi kwa ufunguo wa Sensei saa kumi na mbili kasoro. Baridi ya Agosti, vidole vimekufa. Nikafagia, nikatandika mikeka, nikapanga viatu vya wengine mstari kwa sababu hakuna anayejua kuweka viatu. Wanafunzi kumi na mmoja. Ngumi, mateke, kata moja, yaani msururu wa mapigo, mara kumi, kisha kukaa dakika ishirini tukiutazama ukuta.

Kukaa ndiyo sehemu nisiyoipenda. Sensei Rajab, mwalimu wetu, alifundishwa na Mjapani aliyekuja kufundisha useremala huku kabla mimi sijazaliwa. Mjapani alimpa karate, akampa na Zen ya Kibudha pamoja, kama mtu anayekuuzia sufuria na kifuniko chake. Sensei mwenyewe huiita kukaa, basi. Ni Mnubi wa hapa Kambi Muru. Huswali alfajiri msikitini kisha huja kukaa nasi, na haoni tatizo lolote. Unakaa, unapumua, hufanyi kitu. Mimi ni fundi wa nguo. Kutofanya kitu kunanitia kichaa. Leo nimekata suruali tatu kichwani kabla kengele haijalia.

Tulipomaliza akasema nyonga yake imekwisha. Anahamia Kisumu kwa bintiye. Jumamosi ya tarehe thelathini atampa mtu ufunguo wa ukumbi, na huyo ndiye atakuwa sensei wa hapa.

Hakutaja jina. Sikumtazama mtu. Miaka kumi na tisa nimefagia sakafu ile. Ni mimi. Nani mwingine?

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi, kisha kwa miguu hadi Gatina. Kibandani saa tatu. Sketi na kaptura za shule, wazazi wote wamekumbuka siku moja.

Kevo wa boda, anayeegesha mbele ya kibanda changu, aliuona mkanda wangu wa karate ukining'inia msumarini. "Niaje fundi. Hiyo mkanda imeona vita, buda. Unakaa sensei mwenyewe."

Nilimwambia aniondokee. Lakini nilifurahi mpaka jioni. Mkanda wangu ni mweusi, umechanika ncha zote mbili mpaka pamba nyeupe ya ndani inaonekana. Ndivyo mkanda mweusi huwa ukivaliwa miaka mingi. Watu wa karate wakiuona hawaulizi mengi. Hata kwenye picha unaonekana vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Nafula amekuja na mkanda unaonuka sabuni. Nafula ni mama fua. Akitoka mazoezini huvuka barabara kwenda kufulia watu nguo kwenye maghorofa. Mkanda mweusi aliupata mwaka juzi tu. Na ameufua!

Mkanda haufuliwi. Kila dojo, yaani kila ukumbi wa karate, inajua. Jasho lako liko humo, miaka yako iko humo. Nikamwambia hivyo mbele ya wote. Nikaongeza kwamba kama kazi yake ni kufua, afue za wateja, asitufulie na heshima. Watu wakacheka. Nafula akainama, akasema, "Pole, Sempai." Sempai ndiye mkubwa wa wanafunzi. Ni mimi, kwa sasa.

Kabla ya kugeuka aliutazama mkanda wangu. Kidogo tu.

Sensei alikuwa anajipaka dawa ya kuchua kwenye nyonga.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika hili kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu anadhani ni la vipimo vya wateja.

Mkanda wangu haukuchakaa kwa kuvaliwa. Niliusugua kwa msasa. Miaka minne iliyopita walikuja wageni kutoka dojo ya Mombasa, mikanda yao imeraruka kama kamba za ng'ombe. Wangu ulikuwa bado mgumu, unang'aa. Mgeni mmoja akaniuliza kama nimeupata mwezi ule. Nilikuwa nimeuvaa miaka minane! Jumapili mbili nilifunga kibanda nikausugua kwenye ukingo wa meza ya kukatia, ncha zote mbili, nikamalizia kwa nusu wembe. Kazi safi. Ukiona hutajua.

Miaka ni ya kweli. Mimi niliisaidia tu ionekane. Hivyo ndivyo hujiambia, na siku nyingi hunitosha. Leo haijatosha. Mbona Nafula aliutazama mkanda wangu vile?

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempasua Nafula mdomo.

Tulikuwa tunapigana kwa mazoezi. Ngumi husimama kabla ya ngozi, hiyo ndiyo sheria. Mara mbili alinizuia. Ya pili kwa urahisi, kama mtu anayefukuza nzi, na mstari wa nyuma wakaguna. Ngumi ya tatu sikuisimamisha. Nilijua kwamba siisimamishi. Sitajidanganya na hapa pia.

Damu kwenye mkeka. Nafula aliinama, akaomba kitambaa, akafuta mkeka kwanza, mdomo baadaye. Sensei akaninyooshea ukuta kwa bakora yake. Nikakaa pale nikiutazama mpaka watu wote wakaondoka. Una ufa kuanzia dirishani hadi chini. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Nafula kwa kuvuja damu.

Nina fundo naye na hajanikosea lolote. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Sensei aliniita kwenye benchi la nje. Akaniuliza kama nautaka ufunguo. Nikasema kama yeye ataona inafaa. Akacheka. Ana meno machache na huyatumia yote.

Kisha akasema, "Kyalo, wewe unakaa sensei. Kila mtu anaona. Shida ni moja tu. Hukai."

Huku Nairobi kukaa ni kuketi, kukaa ni kuishi, na kukaa ni kufanana. Unakaa babako. Unakaa mgonjwa. Nilimwelewa palepale, nikajifanya sijamwelewa. Nimerudi Gatina nikipiga mawe teke. Mtu anatoa miaka kumi na tisa, halafu anachezewa maneno kama mgeni wa jana.

Nafula hakukosa kuja. Mdomo umevimba. Alikaa dakika arobaini za Jumamosi bila kutikisika. Najua kwa sababu nilikuwa namchungulia.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani, Riruta. Mzee wa kanisa ameniuliza tena kama ni kweli tunainamia ukuta pamoja na Waislamu. Nikamwambia hatuuinamii, tunauangalia. Akauliza unatuonyesha nini. Nimekula chapati tatu nikalala mchana kutwa.

Jumanne, 19 Agosti

Leo ni siku njema. Sensei amenipa mkanda wake. Aliufunga kwa gazeti. Umekatika karibu nusu, anataka niushone kabla ya siku ya ufunguo. "Shona ikamate, fundi," alisema. "Iko na kazi."

Alinipa mbele ya wote. Mbele ya Nafula. Nani hukabidhiwa mkanda wa mwalimu wake siku kumi na kitu kabla ya mwalimu kuondoka? Mwenye macho haambiwi tazama. Nimelibeba gazeti lile kwa mikono miwili kutoka Kambi Muru mpaka Gatina. Nimemwambia mke wangu mambo ni shwari. Nimemsamehe hata Nafula, ingawa sikumbuki kosa lake.

Jumatano, 20 Agosti

Niliufungua asubuhi juu ya meza, karibu na mlango penye mwanga. Mkanda wa miaka arobaini na kitu. Niliuangalia kwa jicho la kazi.

Ncha zake, zile zinazoning'inia mbele, zile ambazo watu huziona, ni nzima. Zimepauka tu. Umekwisha kwenye fundo. Umekwisha pale unapopishana mgongoni na pale unapojikunja ubavuni. Huko pamba imekuwa unga.

Bila shaka. Nguo hufa pale inapokunjwa, si pale inapoonekana. Suruali hufa mapajani. Shati hufa kwenye kola na viwiko. Nimewaambia wateja hivyo miaka yote nikiwatilia viraka. Halafu mimi, fundi mzima, nikausugua mkanda wangu nchani kwa sababu picha hupigwa kwa mbele. Niliushusha kutoka msumarini nikaulaza kando ya ule wa Sensei. Fundo langu ni jeusi kama siku niliyolifunga mara ya kwanza. Na kwa nini halikuchakaa? Kwa sababu miaka hii yote nimesimama mbele nikiwahesabia wengine, wao wakitoka jasho.

Mkanda kama wangu hauwezi kumdanganya mtu anayejua nguo. Sensei amenivumilia miaka minne.

Kisha nikakumbuka ni nani mwingine anayejua nguo. Nani hushika kola na vikwapa vya watu kila siku ya Mungu, akisugua palipo pachafu, akiona palipochoka. Nilisimama mbele ya watu nikamfundisha mwanamke huyo habari ya mikanda. Akaniomba msamaha akijua.

Sijashona chochote leo.

Alhamisi, 21 Agosti

Sikwenda.

Jumamosi, 23 Agosti

Sikwenda. Nimemtumia Sensei ujumbe kwamba cherehani imeharibika, nina kazi nyingi. Cherehani ni nzima. Imeshona sketi nne leo.

Naweza kuutengeneza mkanda wangu. Hilo ndilo linalonisumbua. Naweza kulichakaza fundo pia, kazi ya saa moja, na safari hii mahali panapofaa. Hata mama fua hatatambua. Tarehe thelathini nitasimama pale nikiwa na mkanda usio na swali na nitachukua ufunguo wangu. Nimetoa msasa kwenye droo. Nikaurudisha. Nikautoa tena. Nina miaka arobaini na mitatu.

Jumapili, 24 Agosti

Nimefunga kibanda kwa ndani nikakaa juu ya robota la vitambaa, uso kwa mlango wa mabati. Sikukaa kwa ajili ya Sensei. Hakuna aliyeniona.

Kwaya ya kanisa la jirani. Mtu anaosha pikipiki. Goti likauma, likaacha, likauma. Leo sikukata suruali yoyote kichwani. Kwa muda mrefu nilikuwa najiona tu, Kyalo amekaa, Kyalo anajuta, tazama anavyojuta. Hata majuto nilikuwa nayapanga yaonekane vizuri, na sikuwa na mtu wa kunitazama. Kisha hayo nayo yakachoka. Nililia kidogo. Liandikwe. Mlango ule una kutu upande wa chini, imekula mpaka mwanga unapita. Nimeufungua na kuufunga miaka mingi sijawahi kuiona.

Baadaye nikaushona mkanda wa Sensei kwa mkono. Uzi wa nailoni, mara mbili, mishono midogo. Umekamata. Msasa niliutupa kwa takataka.

Jumanne, 26 Agosti

Nilimngoja Nafula kwenye bomba la nje, anapooshea miguu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Gatina. Yote yakapotea. Nikasema tu kwamba ile ngumi niliikusudia, na kwamba mkanda wangu ni wa msasa.

Hakushtuka. "Ya msasa najua, Sempai. Kitambo sana. Nguo haimalizikangi hapo."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Niseme ndio iwe nini? Hata bila kusema si ulinipasua mdomo?"

Nilitazama chini. Maji yalikuwa yanapita kwenye viatu vyangu. Akafunga bomba. "Na mimi yangu nilifua juu ilikuwa inanuka," akasema. "Hiyo tu. Sikuwa najua ni makosa." Akachukua ndoo yake akaenda kazini. Mdomo umebaki na alama.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeamua. Jumamosi nitauvua mkanda mbele ya wote. Nitaukunja, nitauweka miguuni pa Sensei, nitasema kila kitu bila kuficha. Kisha nitavaa mweupe kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nimeshaushona, wa kitambaa cha drili nzito, mishono sita kwa urefu. Umetoka vizuri sana.

Nimeyafanyia mazoezi maneno yangu hapa kibandani. Naziona nyuso zao. Wengine watalia.

Jumamosi, 30 Agosti

Nilifika mapema nikampa Sensei mkanda wake, nikamwambia nia yangu. Nikamwonyesha ule mweupe. Akaupapasa, akahesabu mishono.

"Umeshona safi. Na unataka wakuone ukivua ile ingine."

Nikasema ndiyo, ili ukweli ujulikane.

"Kwanza ulitaka kukaa sensei. Sasa unataka kukaa mtakatifu." Hakucheka safari hii. "Vaa hiyo yako ya msasa, Kyalo. Kila siku. Mtu akiuliza, mwambie. Asipouliza, kaa."

Niliona afadhali anipige na bakora. Kuuvua kungekuwa dakika tano na machozi. Kuuvaa ni kila asubuhi.

Nikauvaa. Tukafanya mazoezi. Tukakaa. Kisha akautoa ufunguo, ule uliofungwa kwa kamba ya kiatu, akampa Nafula. Nafula aliushika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Aliangalia nyuma yake kama kuna mwingine.

Iliniuma. Iliniuma kifuani, mahali hasa, ningeweza kupaonyesha kwa kidole. Sempai ndiye huinama wa kwanza kwa sensei mpya, wengine wakimfuata. Wote walikuwa wananingoja. Nikatoka kwenye mstari nikasimama mbele yake. "Sensei." Nikainama mpaka nikaona vidole vya miguu yake, vyeupe kwa maji ya kufulia.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu mkanda. Nilikuwa tayari, na hakuna aliyeuliza. Hilo nalo likaniuma.

Jumatatu, 1 Septemba

Sensei amesafiri. Tulimbebea vitu hadi barabarani, mimi na Nafula na wengine wawili. Masanduku mawili, sufuria, msala wake wa kuswalia, na godoro limekunjwa.

Godoro limefungwa kwa mkanda wake. Mafundo mawili, na mshono wangu katikati, pale panapobeba uzito wote. Iko na kazi! Nilikuwa nimeshona mishono ile nikiufikiria mkanda ule kiunoni mwangu.

"Imekamata, fundi," akasema, akilipiga godoro kofi.

Nilicheka mpaka nikashika magoti. Yeye pia. Nafula akatuuliza tunacheka nini, tukashindwa kumwambia. Gari lilipoondoka nikaona ncha za mkanda zikipepea nje ya buti, nzima kabisa. Nimempenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Jumamosi, 13 Septemba

Nafula amefungua. Nimefagia, nimepanga viatu.

Kuna seremala mpya kutoka Kawangware, amekuja mara ya pili. Alisimama karibu nami akiuangalia mkanda. "Hiyo umevaa miaka ngapi ndio ikakuwa hivo, Sempai?"

"Jumapili mbili," nikamwambia. "Nilisugua na msasa."

Akacheka, akaona sicheki, akaacha. Seremala anajua msasa. "Sawa," akasema, akaenda mahali pake kwenye mstari. Mimi nikaenda pangu, karibu na mlango, penye upepo.

Dakika arobaini. Ufa, rangi iliyobanduka, jua likishuka polepole kwenye ukuta. Wakati mwingine nilikuwa nakaa.

Nilipokuwa naufungua mkanda nikaona uzi mmoja umechomoza kwenye fundo. Mweusi, mfupi, umejilegeza wenyewe. Mkono wa fundi ukaenda kutafuta mkasi. Nikauacha uzi ulivyo, nikaukunja mkanda, nikaenda kazini.